Dude la Kijivu

Machi 2, Jumatatu

Mvua imeanza, kazi imelala. Hakuna mwenye duka anayetaka bango linalotiririsha rangi mpaka kwenye ngazi zake. Mke wangu anasema nimeanza kuongea peke yangu karakanani na majirani wanasikia. "Kama una maneno, yaandike," ameniambia, akanipa daftari hili. Haya, naandika. Sina maneno.

Machi 3, Jumanne

Mvua. Sina maneno.

Machi 7, Jumamosi

Leo wamekuja wale vijana wa mchezo, watatu chini ya mwavuli mmoja. Wa pembeni walikuwa wamelowa bega moja moja, na wa katikati alikuwa amekumbatia boksi.

Niwaandike, nisije nikawachanganya. Mmoja wanamwita Nahodha. Kazi yake ni fundi friji, ana mikono mikubwa kama sahani, lakini siku za Jumamosi ndiye anayeongoza mchezo na kusimulia hadithi yake. Wa pili ni dada mfamasia, na wanachezea katika chumba kilicho juu ya duka lake la dawa. Wa tatu anaoka mikate na haongei, kwa hiyo nimemwita Kimya. Wa nne alikuwa binti yangu.

Nukta. Kwenye cheti aliandikwa jina jingine. Hili nilimpa mimi, siku aliposhika brashi yangu kwa ngumi, mtoto hata kuongea vizuri hajui, akaweka nukta nyekundu katikati ya bango la bucha nililokuwa nimelimaliza. Niliiacha, na bucha lile lina nukta mpaka leo. Baadaye nikamfundisha kushika brashi, kubana pumzi, kuvuta mstari bila rula. Nimefundisha wengi, sijapata mwenye mkono kama ule. Desemba tumemzika. Daktari alisema tezi ya shingo ilimharibikia, ikaupiga moyo. Hata thelathini alikuwa hajafika.

"Shikamoo, mzee," wakasema wote pamoja, kama darasa.

"Marahaba. Mnataka nini?"

Nahodha akafungua boksi. Ndani kulikuwa na sanamu ndogo za plastiki, kijivu tupu, kubwa yake ni kidole gumba. Samaki mwenye meno ya mtu. Kaa aliyebeba nyumba mgongoni, na dirishani wanachungulia waliozama. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, mwenye midomo mwili mzima. Madude ya baharini, ya mchezo wao wa kutishana mezani.

"Aliyanunua yeye," Nahodha akasema. "Alitaka yapakwe yote kabla hadithi haijaisha. Sisi hatuna mkono, mzee. Tukasema labda wewe..."

"Mimi napaka mabango ya maduka. Sipaki mashetani."

Akagusa kitu kilichofungwa kwa kitambaa, chini kabisa ya boksi, akaanza, "Na hili kubwa, mzee, hili lenyewe..." Nikamkata. Nikamwambia kazi yangu naijua, sihitaji kufundishwa na fundi friji.

Wakati wa kuondoka yule mfamasia akaniambia, "Kete yake, ile sanamu aliyochezea, bado ipo mezani, mzee. Hatujaigusa." Nikamjibu kwamba hilo halinihusu. Mchezo huo ulinilia Jumamosi zote za mwanangu, hata ile ya mwisho, kwa sababu alianguka akiwa kwao, kwenye ngazi za duka hilo la dawa. Wamekuja kwangu na boksi kana kwamba tunadaiana wema.

Ningeliweka nje mvuani. Mke wangu ndiye aliyesema kutoka jikoni: "Acheni hapo. Atapaka."

Machi 9, Jumatatu

Nimeanza na kaa, kwa hasira tu. Brashi yangu ndogo kuliko zote ni kubwa kuliko dude lenyewe. Nimekwenda chumbani kwake kuchukua zake. Ziko kwenye gilasi, nyingine zina nywele chache kuliko kope za mtoto. Nilisimama pale mpaka mke wangu akaniita chakula kinapoa.

Machi 12, Alhamisi

Kaa amenishinda. Nimemfuta.

Machi 15, Jumapili

Nimeanza kuelewa. Rangi inataka maji mengi, itiririke yenyewe kwenye mikunjo. Ikikauka unachukua brashi, unaipangusa kitambaani mpaka iwe kama haina kitu, halafu unapitisha juu juu, inashika kwenye magamba peke yake. Huko kwenye mabango ukifanya hivyo unafukuzwa kazi. Jicho linakuja mwisho: nukta moja, bila kupumua. Nilipomwekea kaa jicho lake, akanitazama. Nikajikuta nimetabasamu, nikaona aibu mbele ya kaa.

Machi 18, Jumatano

Unyevu umeniaibisha. Nilipaka vanishi asubuhi, mchana kaa na samaki wote wawili wamepiga ukungu mweupe kama macho ya mzee. Nimetukana mpaka koo limenikauka. Mke wangu akaja na kitambaa chenye tone la mafuta ya kupikia, akasugua taratibu, ukungu ukatoweka, rangi zikarudi. "Nukta alikuwa anafanya hivi," akasema. Miaka yote hii nimekaa nyumba moja na mafundi wawili, na nilidhani fundi ni mimi.

Machi 21, Jumamosi

Kimya amekuja kuuliza tumefika wapi. Ameleta mkate wa moto kifuani, ndani ya koti. Nilitaka kumrudisha mlangoni, mke wangu akamkalisha. Na leo ameongea, tena mambo mengi. Nadhani alikuwa amejiandaa njiani.

Nilimwuliza ni kwa nini wasimalize mchezo wao wenyewe, watuache. Akasema hawawezi. Kwenye meza yao kuna sharti moja walilowekeana tangu mwanzo: hakuna anayegusa kete ya mwenzake. Ukiugua, kete yako inasimama pale pale mpaka urudi. Ukishindwa kabisa kuja, anakuja ndugu yako wa damu kuichezea. Kwa hiyo tangu Desemba hadithi imekwama.

"Kete yake imesimama wapi?"

"Kwenye mnara, mzee. Yeye ndiye mpiga kengele."

Akaeleza. Hadithi yao ni ya mji unaomezwa na bahari. Waliobaki wanataka kutoroka kwa chombo. Lakini chini ya maji liko dude kubwa kuliko yote, linalala tu kengele ya mnarani ikiwa inalia. Ikinyamaza, linaamka. Maana yake wenzako wakitaka kuondoka, mmoja abaki juu anapiga. Jumamosi ile ya mwisho Nukta aliwaambia, "Nendeni, mimi nitapiga." Zamu iliyofuata hakuwepo.

"Kwa hiyo mnataka mimi nije nimuue mwanangu kwenye karatasi," nikasema.

Kimya akatazama mkate wake. "Tunataka uje tu, mzee."

Nikamwonyesha mlango. Mkate tumeula. Ulikuwa mkate mzuri, na hilo nalo limeniudhi.

Machi 25, Jumatano

Mkunga. Midomo yote hiyo, na kila mmoja una meno. Mvua haijakata.

Machi 28, Jumamosi

Limebaki lile la kwenye kitambaa. Leo nimelifungua.

Ni kubwa kama ngumi, mgongo wa nyangumi na mikono mingi ya kibinadamu inayopapasa. Kumbe lilikuwa limepakwa tayari. Na limepakwaje! Rangi nzito, mabonge mabonge. Kila mstari umeyumba. Kijani kimevuka mpaka kikaingia kwenye weupe, macho hayalingani, moja limekaa juu, jingine limeteleza kuelekea shavuni. Nikasema, huu ni mkono mkubwa, mkono wa bisibisi. Nahodha huyo. Hakuvumilia kungoja, akalivamia la mwisho na la maana kuliko yote, akaliharibu, ndiyo maana siku ile alikuwa anababaika kunieleza.

Nakiri nilifurahi. Nilikuwa natafuta kitu cha kumkamatia. Nimelitumbukiza kwenye kopo la spiriti.

Machi 29, Jumapili

Rangi imelainika. Nimesugua kwa mswaki wa zamani, nikachokonoa mikunjo kwa kijiti. Kazi ya mchana mzima. Sasa ni kijivu safi, kama limetoka kiwandani leo. Nitalipaka mimi, wajue huyo msichana alikuwa binti wa nani.

Aprili 4, Jumamosi

Nitaiandika siku hii yote, kwa sababu sitaweza kuisema.

Mfamasia alikuja mchana, mvua imepungua, kuchukua madude yaliyokwisha. Nilikuwa nimeyapanga mezani karakanani. Aliinama akayatazama moja moja, akaweka mkono mdomoni, akasema hajawahi kuona kazi kama hiyo. Nikajitia sisikii, lakini kichwa kilikuwa kimeshavimba. Nikamvutia kiti. Kwa mara ya kwanza nilimwona ni binti wa watu, amechoka, ana baridi.

"Na lile kubwa liko wapi, mzee?"

Nikamwonyesha dirishani. "Lile nimelisafisha. Nani aliwaharibia vile? Mwambie Nahodha ashike bisibisi, brashi aniachie mimi."

Hakucheka. Alilitazama lile dude, akanitazama mimi, akaketi, si kwenye kiti nilichomvutia, kwenye debe la rangi lililokuwa karibu.

"Umelisafisha na nini?"

"Spiriti na mswaki."

"Rangi yote?"

"Yote. Mimi kazi nikiianza naimaliza."

"Lile ni la Nukta, mzee."

"Najua. Si alinunua yote yeye?"

"Alilipaka yeye. Lile ndilo alilolipaka."

Nikamwambia si kweli. Nikamwambia mimi ndiye niliyemfundisha, na hata ukinifunga macho naujua mstari wa mwanangu kwa kuupapasa. Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa. Ana adabu yule binti. Halafu akaongea polepole, kama anavyoongea na mgonjwa dirishani, nadhani.

"Mikono ilikuwa inamtetemeka, mzee. Ugonjwa ule unatetemesha mikono. Alikuwa anakuja dukani kwangu jioni, anaegemeza viwiko kwenye kaunta, anashika kifundo cha mkono mmoja kwa mwingine. Jicho moja lilimchukua jioni nzima. Analifuta, anarudia. Analifuta, anarudia."

"Mbona kwangu hakutetemeka?"

"Kwako alikuwa anaweka mikono mfukoni."

Basi hapo nikaona yote. Nikaliona lile koti lake alilolivaa ndani ya nyumba, jua lipo. Nikamwona anavyokataa kuja kunisaidia bango la shule, eti harufu ya rangi imemchosha, nami nikamnunia wiki nzima kwa sababu nilidhani anaidharau kazi yangu. Alikuwa amesimama mlangoni, hapo hapo, mikono mfukoni, ananitazama ninavyovuta mistari.

"Hakutaka uone," mfamasia akasema. "Alisema likikauka atakuletea wewe. 'Baba akilipenda hili, nitamwambia.' Ndiyo maana tulikuletea. Nahodha alitaka kukueleza siku ile, ukasema kazi yako unaijua. Tukadhani umeujua mkono wake."

Nikainuka nikaenda kwenye lile kopo. Spiriti nilikuwa nimekwisha imwaga mtaroni, Jumapili ile ile, kwa sababu mimi ni fundi msafi. Mswaki nilikuwa nimeuosha. Nilitafuta kwenye kitambaa nilichosugulia, nikapata doa la kijani, na hilo nalo sikuweza kujua kama ni lake au la mkunga.

Mfamasia alikuwa analia. Mimi sikulia. Nilisimama na kitambaa mkononi, na nilichofikiria ni kwamba nilikuwa nimefurahi. Niliifuta kazi ya mwanangu huku nimefurahi.

Aprili 5, Jumapili

Mke wangu alisikia yote jana kutoka jikoni. Leo baada ya chai nimemfuata.

"Wewe ulijua?" nikamwuliza.

"Nilikuwa namfunga vifungo kila asubuhi. Ukitoka tu na ngazi yako, anakuja chumbani na blauzi iko wazi, namfunga. Hata viatu."

"Na hukuniambia."

"Aliniapisha."

"Kwa nini? Mimi ni mnyama?"

Akaweka kikombe chini. "Baba Nukta, wewe mstari uliopinda unautazama kama watu wengine wanavyotazama mwizi. Tukitembea mjini unasimama mbele ya maduka ya watu unasonya. Mtoto amekua anasikia msonyo huo. Ungemtaka akuletee mkono unaotetemeka?"

Nikasema ningeushika. Akasema, "Najua ungeushika. Yeye ndiye hakujua."

Kisha akalia, na mimi hapo ndipo nilipolia. Tumelia kama watu wasio na majirani.

Aprili 6, Jumatatu

Sikuandika.

Aprili 11, Jumamosi

Najaribu kulirudisha. Nimekumbuka kila kitu: mabonge yalikuwa wapi, kijani kiliingia wapi, lile jicho liliteleza kiasi gani. Nimechanganya rangi zile zile, kutoka kwenye vikopo vyake. Lakini mkono wangu hautaki. Nauamuru uyumbe, unakwenda moja kwa moja. Miaka arobaini nimeufundisha jambo moja, sasa hauelewi jingine.

Aprili 14, Jumanne

Nimejaribu mkono wa kushoto. Limekuwa baya, lakini ubaya mwingine, ubaya wa mtu anayeigiza. Nimeona kama ninamdhihaki mwanangu mgonjwa. Nimelisafisha tena.

Aprili 17, Ijumaa

Nimekunywa kahawa mpaka vidole vikatikisika, nikashika brashi. Brashi ilipogusa plastiki mkono ukatulia wenyewe. Sijawahi kuuchukia mkono huu namna hii. Watu wanausifu mji mzima. Ningeweza, ningempa yeye, autumie kulipaka lile jicho kwa dakika moja, halafu aende.

Mke wangu amenikuta. Ameninyang'anya kahawa.

Aprili 22, Jumatano

Mvua kubwa, karakana imeingia maji. Tumeinua mabango. Dude liko dirishani, kijivu, halina macho. Nimeshindwa.

Mei 2, Jumamosi

Hakuja mtu.

Mei 9, Jumamosi

Amekuja Nahodha. Nilimwona getini nikajua mfamasia amekwisha mwambia, nikapiga moyo konde nimsubiri anitukane. Ningemwacha anitukane. Nilikuwa hata nimeandaa pa kusimama.

Akasema, "Shikamoo, mzee. Nimesikia friji yenu inanguruma."

Ni kweli inanguruma, tangu mwaka juzi. Akaivuta, akaifungua nyuma, akaanza kazi. Nilikaa kwenye stuli namtazama. Mikono ile mikubwa inashika skrubu ndogo kwa upole, kumbe. Nikamwambia, "Nilidhani ni wewe uliyelipaka."

"Najua, mzee."

"Ningejua ni lake..."

"Najua."

Halafu akaingiza kichwa ndani ya friji, akakaa humo muda ambao hakuna fundi anayeuhitaji. Mabega yanatikisika. Mke wangu akaja na taulo akiwa na nia ya kumpa, akasita, akaliweka begani pake tu, akarudi jikoni.

Alipotoka, macho mekundu, friji ilikuwa imenyamaza. Nikamwuliza jambo ambalo nilipaswa kuuliza Desemba: siku ile kwenye ngazi ilikuwaje. Akasema alimbeba. Gari hazikuwepo kwa sababu ya mvua, akambeba mgongoni mpaka hospitali, na njiani Nukta alikuwa bado anaongea.

"Alisema nini?"

"Alisema nisimwambie baba yake kwamba amebebwa. Eti utasema anadeka." Akajifuta pua kwa taulo. "Mwezi wa kwanza nilikuwa nije hapa na wazee wangu, mzee. Kujitambulisha. Alitaka kwanza akuonyeshe lile dude."

Miezi yote hii nimekuwa nikimwita fundi friji kama tusi, kumbe alikuwa mkwe.

Mke wangu ndiye aliyesema: "Jumamosi ijayo tutakuja. Wote wawili."

Mei 16, Jumamosi

Tumekwenda.

Ngazi za duka la dawa ni nyembamba. Mke wangu alizipanda ameshika ukuta, na kila ngazi nilijua anauliza kama ni hii. Chumba chenyewe ni stoo: maboksi ya dawa mpaka darini, dirisha moja, meza ya duara. Juu ya meza uko ule mji. Nyumba zake ni za maboksi ya vidonge, bahari ni kitambaa cha buluu, chombo cha kutorokea kimetengenezwa kwa boksi la kiberiti. Madude yangu wameyapanga yametokeza majini. Na pembeni uko mnara, na juu yake kete yake.

Sikuwa nimewahi kuiona. Ni msichana mdogo kama ukucha, ameshika kamba ya kengele. Aliipaka zamani, mkono ukiwa mzima. Macho yake ni nukta mbili, sawa sawa. Vumbi lilikuwa limemkaa mabegani, kwa sababu hata vumbi hawakuthubutu kumpangusa.

Nililitoa dude mfukoni nikaliweka mezani, kijivu vile vile. Nikasema, "Hili nililifuta mimi. Nimejaribu kulirudisha, limenikataa. Sitapaka juu yake." Hakuna aliyenilaumu. Kimya akanivutia kiti cha Nukta. Mke wangu akakataa kukaa, akasimama nyuma yangu ameshika egemeo.

Nahodha akaanza kusimulia. Sauti yake ilibadilika, ikawa nzito. "Bahari imefika madirishani. Wenzako wamekwisha panda chombo, kamba imekatwa. Kengele ikilia, lile kubwa linalala, na chombo kitapita. Mpiga kengele, unafanya nini?"

Wote wakanitazama.

"Jumamosi ile alisemaje, neno kwa neno?" nikauliza.

"'Nendeni, mimi nitapiga,'" mfamasia akasema.

"Hakusema kingine?"

Wakatazamana. Kimya ndiye aliyejibu. "Alisema mikono imemchoka. Lakini atapiga."

Niliuelewa mchezo, nataka iandikwe hivyo. Sikukosea kwa uzee. Nilijua kwamba nikimwacha pale, chombo kinapita, vijana hawa wanashinda mchezo walioucheza miaka, na hadithi inaisha kama yeye mwenyewe alivyotaka iishe. Nilinyoosha mkono, huu mkono wangu usiotetemeka, nikaishika kete yake. Nikaipangusa vumbi kwa kidole. Nikaishusha kutoka mnarani, nikaipitisha juu ya kitambaa cha buluu, nikaiweka chomboni, katikati ya wenzake. Haikuenea vizuri, ikabidi nisogeze zao. Nikakumbuka sharti, nikaomba radhi. Wakaanza kuzisogeza wenyewe, kila mmoja ya kwake, kumpa nafasi.

"Baba," Nahodha akasema. Tangu Machi amekuwa akiniita mzee. "Kengele itanyamaza."

"Najua."

"Lile litaamka. Tutazama wote."

"Najua, mwanangu. Nisamehe. Siwezi kumwacha huko juu peke yake."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Nahodha alimtazama mfamasia, mfamasia akatikisa kichwa kukubali, Kimya akawa tayari ameshika dadu zake, akaziweka chini bila kuzirusha.

"Kwanza hakupenda kazi ya kengele," Kimya akasema. "Aliipata kwa dadu tu."

Mfamasia akaangua kicheko katikati ya machozi. Nahodha akalichukua lile dude la kijivu kwa mikono miwili, akalipitisha chini ya kitambaa cha buluu, akaliinua taratibu, mpaka likasimama mbele ya chombo. Halikuwa na macho. Mikono yake yote imenyooshwa. Nilifanya kazi na dude lile msimu mzima, nikadhani ile mikono inakamata. Leo nimeona ingeweza kuwa inapokea.

"Kengele imenyamaza," Nahodha akasimulia, na sauti haikuwa nzito tena. "Limeamka. Na wote wamo chomboni."

Akakilaza kiberiti ubavu. Kete zikaanguka pamoja juu ya buluu. Mke wangu aliniminya bega mpaka likauma.

Tuliporudi, mlangoni mke wangu akaniuliza, "Ungewaacha watoto wa watu wapite, ingekugharimu nini?" Kisha kabla sijajibu akasema, "Hapana. Ulifanya vizuri. Na mimi ningemshusha."

Mei 19, Jumanne

Jua. Mabati yanatoa mvuke.

Mei 26, Jumanne

Kazi ya kwanza tangu mvua: bango la duka jipya la dawa mtaa wa juu, mfamasia wetu ndiye aliyenitafutia. Nimeweka ngazi, nimevuta mstari wa kwanza, na katikati nikamwona amesimama chini mlangoni, mikono mfukoni. Hakuwepo, najua. Lakini brashi iliruka, na mstari umepinda, kidogo, kila mtu anauona.

Mwenye duka akaniuliza nitaufuta saa ngapi. Nikamwambia huo haufutwi. Akacheka akidhani natania. Nikashuka, nikakaa kwenye ngazi yangu nikilia nisiweze kuacha, na ilibidi mtu aende kumwita mke wangu.